Maji ya kuoga kuyarudisha chooni: jibu kwa dada wa Ipuli, Tabora

Dada mmoja wa Ipuli hapa Tabora mjini kaniandikia. Ana nyumba ya wapangaji, vyumba 10, watu kama 24 ukihesabu na watoto, vyoo 3 vya kuflash, mabafu 3 na karo moja la kufulia kwa nyuma. Bili ya maji inampa presha, shimo linajaa kila baada ya miezi michache anaita gari la kunyonya, na maji ya kufulia yanatiririka mpaka barabarani, mwenyekiti wa mtaa kashamwonya mara mbili. Saivi anaongeza upande wa pili, vyumba 6, msingi umeshachimbwa. Swali lake: "Mtaalamu nasikia nchi za watu maji machafu yanasafishwa yanarudi tena chooni na kwenye bustani, na sisi huku inawezekana? Huo mtambo unauzwa bei gani, na ni salama kweli maana hapa kwangu watoto ni wengi."

Dada, mwangaluka. Inawezekana, na nimefurahi sana umeuliza wakati msingi bado uko wazi, manake wengi wananitafuta wakishamwaga zege na kubandika marumaru, hapo kazi inakuwa ya kuvunja. Kuhusu mtambo, kwa nyumba kama yako hamna cha kununua dukani. Unachohitaji ni bomba la pili. Yaani maji ya choo yapite njia yake, maji ya bafu na karo yapite njia yake, yasikutane popote. Ukifanya hilo tu umemaliza zaidi ya nusu ya kazi, na usipolifanya hata nikuletee mtambo wa mamilioni utakuwa unasafisha kinyesi ulichokichanganya mwenyewe kwenye maji ambayo yalikuwa na sabuni tu.

Mtaani tunayaita yote maji machafu lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Maji ya choo yana vijidudu vya tumbo, yana mayai ya minyoo, na karibu naitrojeni yote ya nyumbani inatokea humo kwa sababu ya mkojo. Maji ya kuoga na kufulia, sisi wa fani tunayaita maji ya kijivu, yana sabuni, jasho, nywele, mchanga, na vijidudu pia vipo ila kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha. Alafu kwa wingi ndiyo yanayoongoza, kwenye nyumba nyingi maji ya kijivu ni nusu ya maji yote yanayotoka au zaidi. Kwahiyo ukiyachanganya umechukua maji mengi yenye uchafu mdogo ukayaharibu kwa maji machache yenye uchafu mkubwa, na shimo lako likayabeba yote. Ndo maana linajaa haraka hivo.

Tufanye hesabu ya kwako. Watu 24, tukisema kila mmoja anatumia lita 50 kwa siku, hiyo ni lita 1,200. Choo cha kuflash cha kisasa kinamwaga lita 6 kila ukibonyeza, vile vya zamani 9 au zaidi. Kila mtu akiflash mara 4 kwa siku unapata lita 576, weka 600. Kwa mwezi ni lita 18,000, yaani uniti 18 za maji safi yaliyotiwa dawa yanaenda kusukuma haja. Na maji yenyewe wenyeji wa hapa tunajua yalikotoka. Sisi tuliokulia enzi za Igombe na Kazima, mgao wa maji, madumu yamepangwa foleni alfajiri, tunajua thamani yake, na hata baada ya maji ya Ziwa Viktoria kufika Tabora, yanavutwa Ihelele kule Misungwi, yanasukumwa na mapampu mamia ya kilomita kupitia Nzega ndo yafike kwenye koki yako. Mi naumia kweli nikiwaza maji yaliyosafiri hivo yanaishia kwenye sinki la choo.

Ila kabla hujanunua hata bomba moja, fanya vitu viwili ambavyo havina gharama. Cha kwanza soma mita usiku kila mtu akishalala, uisome tena alfajiri kabla mtu hajaamka. Namba ikisogea, una mahali panavuja. Cha pili, chemsha majani ya chai mpaka yawe meusi kabisa, acha yapoe, mimina kikombe kizima kwenye tenki la flashi, usiflash, subiri kama robo saa alafu chungulia kwenye sinki. Ukiona rangi ya chai inashuka taratibu kwenye ukuta wa sinki ujue mpira wa chini umechoka au floti haifungi, na choo cha namna hiyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila kusikia hata sauti. Nimeshaona mtu anataka kurudisha maji ya kuoga chooni wakati flashi zake mbili zinavuja usiku kucha. Mpira ni bei ya soda chache, badilisha kwanza.

Sasa upande mpya. Mwambie fundi kila bafu na karo vitoke na bomba lao la inchi 2 au 3 mpaka kwenye chemba yao, choo kitoke na inchi 4 yake mpaka shimoni. Maji ya kuoshea vyombo yasiingie kwenye mfumo huu, au kama lazima yaingie basi yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta, manake mawese na mafuta ya kukaangia yakiganda kwenye kokoto hautoyatoa. Na maji ya kufulia nepi za mtoto yamwagwe chooni siku zote, waelimishe wapangaji kabisa kwamba nepi ni choo.

Toka kwenye chemba maji yaingie kwenye tenki la kutulia lenye vyumba viwili, lita 1,000 inatosha, mchanga unazama, povu na nywele zinabaki juu. Hapo usiyaache yakakaa sana. Jaribu mwenyewe, chukua chupa ya plastiki, ijaze maji ya kufulia, ifunge, iweke kivulini siku 2 alafu ufungue, utanusa yai viza. Vile vijidudu vinakula uchafu, vinamaliza hewa iliyomo kwenye maji, oksijeni ikiisha wanaendelea wale wengine wanaotoa harufu. Ndo maana kanuni yetu ni kwamba maji ya kijivu ambayo hayajasafishwa yasilale zaidi ya siku moja, na ndo maana wale wanaoweka simtanki tu wakategemea yatatulia humo wanaishia kugombana na majirani.

Kinachosafisha ni kitanda cha kokoto chenye matete. Chimba shimo refu la mita 2 kwa 6, kina sentimita 60, sakafu ishuke kidogo sana kuelekea kwenye toleo, yaani upande maji yanakotokea, sentimita 6 kwa urefu wote zinatosha. Tandika plastiki nzito au jenga kwa tofali na upige plasta isiyovuja. Jaza kokoto za ukubwa wa punje ya karanga, kwenye ingilio na toleo weka mawe ya ukubwa wa ngumi ili maji yasambae. Hapa Tabora kokoto zipo, tena hizi za kugongwa kwa mkono ni granaiti nzuri kabisa, lakini zioshe. Narudia, zioshe mpaka maji yatoke meupe. Kitanda kikifa mapema nikifukua nakuta mara nyingi ni vumbi la kokoto limeshuka chini likawa kama udongo wa mfinyanzi, maji yanakosa njia yanapanda juu, na yakipanda juu umewafugia mbu. Wale mbu wa maji machafu, wanaoeneza matende, wanapenda sana maji ya namna hiyo. Kitanda kizuri maji yake huyaoni, yanapita sentimita 10 chini ya uso wa kokoto, unatembea juu yake na viatu vya kanisani.

Matete kachimbe mizizi yake bondeni, pandikiza vishina kwa umbali wa hatua moja moja. Watu wanadhani tete ndo linakunywa uchafu. Linakunywa kidogo, kazi kubwa ni ya vijidudu vinavyong'ang'ania kwenye kokoto na kwenye mizizi, ule utelezi unaousikia ukishika jiwe la ndani, hao ndo wafanyakazi wako. Mizizi inawapa makao na hewa kidogo na inazuia kokoto zisizibe. Hesabu yake iko hivi, kina cha maji nusu mita, nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, kwahiyo mita 2 kwa 6 inabeba lita 2,400 za maji. Ukiingiza lita 600 kwa siku maji yanakaa humo siku 4. Siku 4 zinatosha maji ya kuoga yatoke hayana harufu na yanaangazika kwenye glasi. Kiwanja kikiruhusu fanya mita 8 badala ya 6 maana unaongeza vyumba. Na kuta za kitanda zipande juu ya ardhi kama sentimita 15, masika ikianza Novemba maji ya mvua ya uwanjani yasiingie yakakuletea mchanga wote.

Yakitoka hapo yanaangukia kwenye tenki la kukusanyia. Kwa upande wa zamani, kwa ushauri wangu, usihangaike na pampu. Weka pipa lenye mfuniko na ndoo karibu na vyoo, mtu anachota anamwaga, basi. Umeme ukikatika haikuhusu. Upande mpya ndo uweke pampu ndogo ipandishe kwenye tenki lake dogo juu, lita 500, lishushe kwenye flashi. Kwenye tenki hilo tia klorini, ukitumia ile ya unga ya asilimia 65 ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa lita 500, ikoroge kwanza kwenye ndoo ya maji ndo umimine, na uipe nusu saa kabla ya kutumia. Usitie klorini kabla ya kitanda, utaua wafanyakazi wako wote kwa siku moja.

Sasa usalama, hapa naomba usome taratibu. Hatari ya mfumo huu haiko chooni, hamna mtu anakunywa maji ya sinki. Hatari iko pale bomba la maji haya linapoungana na bomba la maji safi. Kuna hosteli moja hapa mkoani niliitwa, wanafunzi wanaharisha kwa zamu wiki 2. Nikazunguka, nikakuta nyuma ya tenki kuna tii moja, kile kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, na koki, fundi aliunganisha tenki la maji safi na tenki la flashi ili maji ya kijivu yakipungua wafungue koki yajazwe. Wazo la kusaidia kabisa. Koki ikawa haifungi vizuri, siku maji ya mamlaka yakikatika presha upande wa safi inashuka, maji ya kuogea yanarudi kinyume mpaka kwenye bomba la jikoni. Niliishika ile koki mkononi, mpira wa ndani ulikuwa umeliwa nusu, tundu dogo tu kama la sindano ya kushonea viatu. Tundu hilo ndilo lililowalaza wale watoto.

Na usidhani ni umaskini wetu. Uholanzi, kwenye mji wa Utrecht, walijenga mtaa mpya kabisa wa Leidsche Rijn wenye mabomba mawili kila nyumba, moja la kunywa na lingine la maji ya mto yaliyosafishwa kiasi kwa ajili ya flashi na kufulia. Mwaka 2001 mabomba yakaungana mahali, watu wakaugua matumbo, na mwaka 2003 serikali yao ikaachana na mpango wa mabomba mawili kwa mitaa mikubwa. Nchi yenye mafundi wa maji wa kusifika dunia nzima. Kwahiyo we kwako hamna tii, hamna koki, hamna hata ile valvu ya kuzuia maji kurudi, nazo zinachoka. Ukitaka kujazia kwa maji safi, bomba la maji safi liishie hewani juu ya tenki, kiganja kizima cha nafasi kati ya mdomo wa bomba na maji yakiwa yamejaa, yadondoke kama maporomoko. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi bombani.

Alafu paka rangi. Kule California kwenye wilaya ya maji ya Irvine mabomba ya maji yaliyorudishwa ni ya zambarau, fundi yeyote akichimba akiona zambarau anajua, na wao tangu mwaka 1991 wanapeleka maji hayo mpaka kwenye vyoo vya maghorofa. Rangi ya zambarau haina gharama, paka bomba, paka tenki, paka pipa na ndoo yake. Na kwenye laini hiyo usiweke koki yoyote mtoto anayoweza kufungua, hata ya bustani. Mtoto akiona koki anakinga mdomo.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, weka njia ya kugeuzia. Kwenye chemba ya kwanza tengeneza matundu mawili, moja linaenda kwenye kitanda na lingine shimoni, na kizibo cha kuhamisha. Siku kuna mpangaji anaharisha, na hasa kukiwa na kipindupindu mjini, unahamisha kizibo maji yote yanaenda shimoni mpaka hali itulie. Dakika 1 tu.

Bustani nayo uliuliza. Yakizidi mwagia migomba na mipapai, kwa mfereji unaofunikwa na majani makavu, maji yaingie chini bila kurushwa juu. Mchicha, matembele, nyanya, hapana, chochote kinachogusa udongo na kuliwa kibichi au kuchumwa na watoto achana nacho. Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yake ya mwaka 2006 wanataka maji ya kumwagilia mboga yasizidi yai 1 la mnyoo kwa lita, na huo ni mtihani ambao kwa macho huwezi kuusahihisha. Sabuni za unga zina chumvi ya sodiamu nyingi, kwenye udongo wetu wa kichanga mvua ya masika inaiosha, ila kama kiwanja chako kimeangukia kwenye udongo mweusi wa mbuga utaona ardhi inakuwa ngumu inapiga ukoko, hapo badilisha sehemu ya kumwagia kila baada ya muda. Kuosha magari kwa mashine ya presha usitumie, ule ukungu unavutwa puani.

Umeandika pia mwishoni kwamba majirani zako nao wana shida hiyohiyo, mngeweza kufanya pamoja? Mitaa mizima inafanya hivo duniani. Tokyo maghorofa ya Shinjuku yanaflash kwa maji yaliyosafishwa kwenye mtambo wa Ochiai tangu mwaka 1984. San Francisco majengo makubwa mapya yanalazimishwa kisheria. Ila mfano ninaoupenda ni wa Windhoek, Namibia, mji mkavu kama sisi au zaidi, wao tangu mwaka 1968 wamevuka kabisa, wanasafisha maji taka mpaka ya kunywa. Na unajua walianzia wapi? Walitenganisha. Maji ya viwandani yakapewa njia yake, ya majumbani njia yake, ndo wakaanza kusafisha. Hapa kwetu Moshi maji taka ya mji yanapita kwenye mabwawa ya Mabogini, jua na muda vinafanya kazi, na wakulima wa mpunga wa kule wanayatumia. Jua la Tabora la Agosti nalo halina ubishi.

Kwa nyumba 6 mpaka 10 za mtaa mmoja bomba la inchi 4 likifuata mteremko linaweza kuwafikisha wote kwenye kitanda kimoja kikubwa, na kwa kila nyumba gharama inashuka. Lakini nitakuwa mkweli kwako, vitanda vya pamoja nilivyoona vimekufa havikufa kwa uhandisi. Vilikufa kwa sababu hamna aliyelipwa kutoa nywele kwenye chemba kila Jumamosi. Kama hamjakubaliana mtu gani, analipwa na nani, na asipokuja nani anamfuata, kila mtu abaki na kitanda chake. Na eneo ndo tatizo lingine linaloniuma. Tunapima viwanja vipya huku pembezoni mwa mji, tunaacha eneo la shule, la kanisa, la msikiti, la kiwanja cha mpira, vizuri sana, ila sehemu ya chini ya mteremko ambako maji ya mtaa mzima yanaelekea tunauza viwanja. Halmashauri ikiacha kipande kimoja tu hapo chini kila mtaa, miaka 10 baadae watashukuru.

Kabla ya kuanza mwone afisa afya wa kata na ufike TUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Tabora, uwaeleze unachofanya, wanapenda kujua maji yako yanaishia wapi na wanaweza kukuonyesha mtu wa kupima sampuli.

Na siku fundi akishalaza mabomba usimruhusu afukie hapo hapo. Chukua ndoo ya maji yenye rangi, hata ile chai nyeusi ya kwanza, mimina bafu moja moja, karo, na choo kimoja kimoja, huku mtu mwingine kasimama kwenye chemba anakuambia imetokea wapi. Kikitokea choo kimoja kwenye chemba ya bafu, fundi arudie siku hiyohiyo kabla hujamlipa. Alafu piga picha mitaro yote ikiwa wazi na futi imelazwa pembeni ya bomba, tunza hizo picha, fundi wa miaka ijayo atakayekuja kuchimba hapo hatakuwa huyu wa leo.